Mamba-muntu wa Kimanga na Masizi ya Sufuria

Ninyi vijana wa masini, mnaokaa mbele ya kioo cha kompyuta na kutoa banderoli, mabango ya maduka, kumi kabla chai haijapoa, kaeni kidogo. Sikuja kuwagombeza. Leo asubuhi mmoja wenu, hapa Nyamianda, Uvira, alinionyesha kwenye telefone yake mamba-muntu, yule mwanamke wa ziwani mwenye mkia, wa kubandika mlangoni mwa duka la nywele: ngozi nyeupe, macho ya bluu, mkia unaometameta. Nikamuuliza, "Huyu ni mama wa nani?" Akacheka. Minye sikucheka. Hilo swali nilifundishwa siku ya kwanza ya kazi, nikalisahau siku niliyolihitaji, na lilikaribia kuniondolea shingo. Mbaya zaidi, lilikaribia kunikosesha mke.

Nilikuwa pentre. Nilipaka mbao za maduka, kuta za baa, mitumbwi, misalaba ya makaburi, na mara moja mlango wa choo cha padri, ambaye alitaka herufi za heshima. Mwalimu wangu alikuwa mzee Zakaria, mtu mfupi mwenye kikohozi, aliyelaza brashi zake ndani ya soksi na hakuruhusu mtu azishike hata yeye akiwa kitandani. Alinifundisha mambo ambayo masini yenu haina habari nayo. Chokaa ya ukuta itie chumvi kidogo, isipukutike. Ukitaka mstari ulionyooka, paka kamba unga wa makaa, ivute, iachie, pa! Magamba usiyachore moja moja, utazeeka ukutani. Chovya kifuniko cha chupa kwenye rangi, ugonge kuanzia mkiani kwenda juu. Na rangi ya mafuta ikikosekana, kwangua masizi ya sufuria, ukoroge na uji wa muhogo. Weusi huo unakaa miaka na miaka, lakini ukiupitishia kitambaa cha maji ya moto unatoka wote, na rangi ya mafuta iliyo chini yake inabaki ilivyokuwa. Hilo la masizi mlishike, tutalirudia.

Na alinifundisha hili: "Sura ya mamba-muntu uiokote kwa batu mingi. Pua huku, macho kule, masikio kwa mutu alishakufa. Usimupe sura ya mutu mumoja."

"Juu ya nini, muzee?"

"Juu mamba-muntu iko uchi, mupumbavu weye."

Miaka ya kwanza ya uhuru kazi zilitujaa mpaka kooni. Kila mtu alitaka kubadilishiwa kitu. Kinyozi wetu alikuwa na ubao wenye kichwa cha Mzungu aliyetengeneza njia ya nywele upande mmoja, akaja mbio, "Ondoa huyu, weka wetu." Nilikuwa mvivu. Nilimpaka yule Mzungu weusi uso mzima, njia ya nywele nikaiacha. Wiki nzima kinyozi alinilaani, kwa sababu wateja wote walianza kudai ile njia, na nywele zetu mnazijua.

Mwaka wa nne wa uhuru akaniita Kashindi, mwenye baa kule Kimanga. Ukuta wake mkubwa ulikuwa na mamba-muntu aliyepakwa na mzee Zakaria wakati wa Wabeleji, mweupe, nywele za rangi ya mahindi. Kashindi akapiga meza.

"Ziwa iko yetu, bendera iko yetu, sasa mamba-muntu atabakia Mubeleji? Unichoree wa kwetu!"

Mzee Zakaria alikuwa amelala na kifua chake, kazi ikaniangukia minye. Mamba-muntu mweusi hakuna aliyewahi kumchora, lakini siku niliyopanda ngazi, baa nzima iligeuka wataalamu. Wavuvi waliapa kwamba anakaa juu ya mawe kule upande wa Makobola, saa sita kamili mchana, anachana nywele, na mkia wake ni wa samaki. Mkulima mmoja Murundi wa bonde la Ruzizi alisimama na chupa mkononi: hapana, mkia ni wa mamba, jina lenyewe linasema, na kama mnabisha njooni muogelee Ruzizi muone. Walifikia kushikana mashati. Kashindi akaamua: magamba ya mamba, pezi la samaki. Wakati ule hata serikali ziliundwa hivyo, basi hakuna aliyeshangaa.

Ikabaki sura. Na hapa niwaeleze habari ya Furaha.

Furaha alikuwa binti wa pili wa mama Nabintu, muuza samaki wa Kimanga. Kumkazia macho msichana wa watu haikuwa adabu, kwa hiyo kila asubuhi nilisimama mbele ya meza ya mama yake nikinunua ndagala, dagaa za ziwa letu, ambazo sikuzihitaji, huku nikiiba jicho moja kwenda nyuma, alikokuwa Furaha anatia samaki chumvi. Lakini ukitaka kusimama muda mrefu mbele ya meza ya mtu, ni lazima umtazame mwenye meza. Mwaka mzima nilimtazama mama Nabintu. Paka wa jirani zangu walinenepa hadi wakashindwa kuruka ukuta.

Sasa brashi ikiwa mkononi nami sina mfano wa kuiga, mkono ulijichorea wenyewe kile macho yalichokizoea. Kidoa kando ya pua. Mwanya wa meno. Unyusi mmoja uliopanda juu kidogo, ule ambao mama Nabintu aliupandisha mtu akisema samaki hazijakauka vizuri. Nilishuka kwenye ngazi nikajipongeza. Wallahi sikuona kitu! Niliona tu kwamba nimeweza.

Wateja walinyamaza. "Huyu nilimuona fasi," alisema mmoja, lakini hakukumbuka wapi, kwa sababu mama Nabintu alikuwa mtu wa kilemba na kitenge kilichofungwa hadi shingoni, na huyu alikuwa na nywele za kufika kiunoni na hana hata uzi. Hata hivyo walianza kushika adabu. Matusi yalikwisha, ugomvi ulikwisha. Fundi baiskeli mmoja alihamisha kiti chake akisema yule mwanamke anamuuliza amewaacha watoto wapi. Kashindi akalalamika kwamba watu wanakunywa kama makatekista.

Mzee Zakaria alipopata nafuu alikuja na fimbo yake kuona kazi. Alitazama. Akakaa chini.

"Weye," akaniambia polepole. "Ulipaka mama Nabintu."

Nikatazama tena, na wakati huo nikamwona. Wiki ileile nilikuwa nimekwisha kumtuma mjomba wangu kwenda kubisha mlango kwao kwa ajili ya Furaha!

Ninyi wa leo mnakula sahani moja na mama mkwe na kumpigia telefone, kwa hiyo nieleze. Kwetu bukwe, heshima ya ukwe, haikuwa mchezo. Mkwe na mama mkwe hawatazamani. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kwenye majani. Jina lake hulitaji, mbele yake huli, na kuuona mwili wake ni aibu inayosafishwa kwa mbuzi, na pengine haisafishiki kabisa. Minye yule mama nilikuwa nimemweka uchi kwenye ukuta wa baa, kwa mkono wangu, kabla hata sijamwoa binti yake.

Nilimwomba Kashindi nimfute saa ileile. Akakataa katakata: ukuta mtupu hataki, nifute siku nitakayoleta rangi ya kupaka mwingine. Rangi ya mafuta ilitoka ng'ambo ya ziwa, Usumbura, na siku zilezile rebelio, yaani uasi, iliwaka. Njia ya bonde ikafungwa, maduka yakapigiliwa misumari, na asubuhi moja tukaamka mji uko mikononi mwa watu wa rebelio, majani vichwani, miili imenyunyiziwa maji ya dawa ili risasi isiwaingie. Dawa ile ilikuwa na masharti yake. Usiguse mwanamke. Usitazame nyuma. Mbele ya hatari usigeuke kamwe.

Walitafuta nyumba ya kufanyia biro, ofisi yao, na iliyokuwa na saruji sakafuni na mlango unaofungika ilikuwa baa ya Kashindi. Komanda wao aliitwa Mulonda. Nilimjua kwa habari: alikuwa mshonaji wa nguo kule Makobola, akafunika cherehani yake akapanda mlimani. Mke wake alikuwa Sifa. Na Sifa, jamani, ni dada mkubwa wa Furaha. Mama Nabintu alikuwa mama mkwe wake.

Yaliyotokea alinisimulia Kashindi, aliyekuwa nyuma ya kaunta. Komanda aliingia kifua mbele, wapiganaji nyuma yake. Akapiga hatua tatu, akainua macho. Akaganda. Mbele hawezi kwenda, mama mkwe yuko uchi. Kugeuka hawezi, dawa itakufa. Akavuta kofia yake ya ngozi ikafunika uso mpaka kidevuni, akatoka kinyumenyume, akaangusha meza mbili, akakosa ngazi, akakalia makalio barazani.

Wapiganaji wakaangaliana. Kama Komanda, ambaye risasi haimwingii, anarudi nyuma mbele ya mamba-muntu, wao ni nani? Walikimbia hadi ufukweni, na wengine walirudi baada ya chakula cha mchana tu.

Wawili wakaja kunichukua nyumbani, wakauliza kama pentre ni minye. "Njo weye pentre?" Nilitaka kusema minye ni mpishi, lakini kucha zilikuwa na rangi. Wakanipitisha Kimanga, bunduki kushoto, bunduki kulia, mbele ya meza ya samaki. Furaha aliponiona akaachia kikapu kikaanguka. Mama Nabintu alipandisha ule unyusi. Nilijiambia: leo nikipona kwa mkwe, sitapona kwa mama.

Komanda alikuwa amekalia kasha la chupa barazani, mgongo kwa mlango. Akawafukuza wapiganaji wake mbali.

"Weye njo ulipaka ile kitu?"

"Njo minye, Komanda."

"Sura ulitoa wapi?"

"Mu ziwa, Komanda."

"Ziwa inauzishaka ndagala?"

Akanisogelea, akanong'ona, na jasho lilikuwa linamtiririka kuliko minye.

"Sikia. Jina yake minye siwezi kuitaja, na weye ukiitaja nakuua. Batu yangu bakijua ni nani nilikimbia, nani atanifuata mu vita?"

"Nimukwangue na panga, basi?"

Aliruka. "Panga! Panga ku uso wa... Weye iko na akili? Muvalishe nguo! Mbio!"

Akanifungia ndani, akasimama nje ya mlango. Rangi sikuwa nayo, lakini chokaa ilikuwepo, na udongo mwekundu wa kichuguu. Nikaanza kumshonea blauzi.

"Umefika fasi gani?" aliuliza kutoka nje.

"Kifuani, Komanda."

"Usiniambie!" Lakini ushonaji ukamzidi nguvu. "Mikono iko mirefu?"

"Hadi kiwiko."

"Ongeza. Na shingo funga, utie kola. Ye anapendaka kola."

Nilipomaliza aliingia, kofia imeinuliwa kidole kimoja, akakagua kazi kuanzia chini. "Vifungo muzuri," alisema. "Bega ya kushoto umekata mubaya." Kisha jicho likateleza likapanda juu, na nikasikia meza zinaanguka tena.

"Iko ananiangalia!" alilia kutoka barazani. "Iko ananiangalia vile aliniangalia siku ya posa!"

Niliogopa kweli, vijana. Mtu aliyeaibika na mwenye bunduki ni mtu mbaya. Nikamfikiria Furaha na kile kikapu, nikamfikiria mjomba wangu atakavyotumwa kuomba maiti yangu badala ya kuniombea mke. Ndipo nikakumbuka masizi.

"Komanda, nimugeuze?"

"Ataweza kugeuka?"

"Ataweza."

Niliingia jikoni kwa Kashindi nikakwangua sufuria zote hadi zikang'aa. Nikapika uji wa muhogo, nikakoroga, nikarudi ukutani. Nikaanza utosini, nikazishusha nywele juu ya paji, juu ya unyusi, juu ya kidoa, juu ya mwanya, hadi mabegani. Uso ukapotea wote. Mwanamke akawa ametupa mgongo anatazama ziwa. Kasoro ilikuwa moja: vifungo vya blauzi sasa vilikuwa mgongoni.

Komanda aliingia. Akaviona vile vifungo. Mshonaji ndani yake aliumia, nilimwona akimeza mate. "Basi," akasema, "iko mode, mutindo ya ziwa." Akavuta kiti akakaa, akashusha pumzi ndefu, akaniangalia kwa mara ya kwanza kama ndugu.

"Banasema unataka Furaha."

"Ndiyo, Komanda."

"Basi utajua vile minye najua," akaniambia, na akaniachia niende.

Wapiganaji waliporudi wakakuta amegeuka. Mlango ulikuwa umefungwa, hakuna aliyeniona. Kabla ya soko la kesho yake Uvira nzima ilijua kwamba mamba-muntu wa Kimanga amewapa waasi mgongo. Miezi ilipita, askari wa serikali wakarudi, Mulonda akarudi porini, na mamba-muntu bado ametupa mgongo. Watu wakasema na serikali pia ameikataa. Nilijaribu kusema ukweli. Walinicheka! Mvuvi mmoja aliniapia usoni kwamba alikuwepo, na shingo ilipogeuka ililia kama bawaba ya mlango. Wakaongeza kwamba atakayemgusa atazama ziwani. Baa iliporwa mara mbili, chupa na viti vikaenda, ule ukuta haukupata hata mkwaruzo.

Mambo yalipotulia tulikwenda posa. Mjomba alisema vizuri, wazee wakakubali, ikabaki sauti ya mama Nabintu nyuma ya pazia.

"Ulizeni huyo kijana. Ule mwanamuke wa kwa Kashindi, juu ya nini aligeuka?"

Kumbe nilisahau jambo ambalo baa nzima ililijua: kila Jumamosi yeye ndiye aliyeleta samaki wa mukeke kwa mlango wa jikoni. Alikuwa amejiona ukutani tangu wiki ya kwanza.

"Ni minye nilimugeuza, mama," nilisema nikitazama mkeka. "Ili mukwe wako asimuone."

Mjomba akakohoa.

"Basi anajua bukwe," sauti ikasema. "Mupeni mutoto."

Tangu siku hiyo, hadi nywele zangu zikawa nyeupe, sikumtazama tena mama mkwe wangu. Nilijificha kwenye mihogo, nyuma ya magari, na mara moja, aliponitokea ghafla ufukweni, niliingia ziwani na viatu vyangu vipya. Nilimjua kwa sauti na kwa vishindo vya miguu. Alilea watoto wangu, alituletea samaki katika kila shida, na tulizungumza kwa kupitia mlango.

Alipofariki, mabinti wakataka sura yake kwenye msalaba. Picha zote zilipotea katika kukimbiakimbia kwetu. Wote wakanigeukia, pentre wa misalaba. Nikainama.

"Sijui sura yake," niliwaambia, na nililia kama mtoto. "Nimeishi naye miaka yote hii, sura yake sina."

"Basi haiko," alisema Sifa.

"Iko moja," alisema mke wangu. Furaha alikuwa anajua muda wote ni nani aliye kwenye ukuta wa Kashindi, na hakuwahi kunitania hata siku moja. Akanishika bega. "Kwanza ulimuangalia bila ruhusa. Sasa enda umuangalie na ruhusa."

Nikaenda Kimanga na kitambaa. Ndoo ya maji ya moto aliibeba Mulonda, mzee wa miwani sasa, aliyerudi kwenye cherehani yake Makobola. Aliingia baa kinyumenyume na hakumwaga hata tone. Mlangoni watu walipiga kelele tusimguse. Nikachovya, nikapangusa. Weusi ukatiririka ukutani. Likatoka paji. Ukatoka unyusi. Kikatoka kidoa, ukatoka mwanya. "Amegeuka tena!" mtu alipiga yowe, na mlango ukabaki mtupu.

Mulonda alikuwa amenipa mgongo, ndoo mikononi. "Ni ye?"

"Ni ye."

"Amekasirika?"

Nikatazama vizuri. Nilipomchora nilidhani ule unyusi ni wa samaki zisizokauka. Nilikuwa kijana. Sasa nina mabinti zangu, na nimewahi kuwatazama hivyohivyo vijana wanaokuja kununua wasivyovihitaji. Alijua tangu asubuhi ya kwanza, na kila asubuhi aliendelea kunipimia ndagala polepole, ili nipate muda.

"Hapana," nikasema. "Ananicheka."

Nikavua kofia, nikamwambia, "Jambo, mama." Kisha nikachukua penseli mbio, kabla macho hayajajaa maji.